Bega la Kaka Yangu Malachy

Sogezeni viti, wanangu. Nuala, kaa upande huu wa dirisha, na wewe Fintan kaa hapo miguuni ninapoweza kuuona uso wako, maana wewe ndiye ambaye hutayapenda ninayotaka kusema. Daktari amenikataza kusema sana. Kwa miaka themanini na miwili nimekuwa mtu asiyesema sana, kwa hiyo leo atanisamehe. Msinikatize, nisije nikachoka kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni hili: nani atakayelibeba jeneza langu kulitoa katika mlango wa nyumba hii.

Kwanza jina. Mimi ni Cornelius Patrick McTiernan. Liandikeni hivyo kwenye jiwe, lote, na msimruhusu mchongaji alifupishe. Nimechezea timu tisa katika nchi nne, na kila mahali walinipa jina lao. Doncaster waliniita Con. Rochdale waliniita Paddy, kama walivyomwita kila Mwairishi aliyeshuka melini. Dundee, mahali ulipozaliwa wewe Nuala, nilikuwa Mac, na kule Ghent, Ubelgiji, mtangazaji wa uwanjani alilitamka jina langu kama mtu anayesukutua koo. Sikumsahihisha yeyote. Mshambuliaji akifunga, wamwite watakavyo. Lakini kaburini nataka kuingia na jina nililobatizwa hapa Drumcorrow.

Nyumba hii ni ya Nuala, aliyerudi hapa Leitrim mama yenu alipougua na hakuondoka tena. Fintan, chukua jezi zilizobaki. Mbili za Dundee mama yenu Attracta alizifanya matambara ya kufutia madirisha, akasema ni kitambaa kizuri ajabu, pengine ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizopata Uskoti. Shamba la chini, lile ambalo Malachy amekuwa akilikata nyasi tangu baba yetu afe, libaki mkononi mwake mpaka naye aende, ndipo mligawane. Wakili anajua. Usikunje uso, Fintan. Bado sijafika.

Mlipokuwa wadogo mlikuwa mkiniuliza kwa nini hatukai mahali. Nuala ulilia tulipoondoka Dundee kwa sababu ulikuwa na rafiki, Morag, na mimi nikakwambia kwamba Ubelgiji kuna chokoleti. Lilikuwa jibu la mzembe. Jibu la kweli ni kwamba mshambuliaji wa daraja langu hununuliwa kwa magoli ya mwaka jana, na akikauka mwaka huu huuzwa kwa mji mwingine ambao haujamwona amekauka. Sikuwa mchezaji mkubwa. Timu ya taifa haikuniita, na haikukosea. Nilijua kazi moja: kusimama na mgongo kwa goli, kusikia beki anapumua shingoni, kuupokea mpira na kuulinda mpaka wenzangu wafike. Ndiyo kazi niliyoifanya katika mvua ya miji mingi. Ukiifanya muda mrefu unazoea kukipa mgongo kitu unachokitaka, na unakuwa hivyo hata nyumbani. Mama yenu aliniambia hayo zaidi ya mara moja.

Sasa nifike kwa kaka yangu.

Mnajua kwamba siku zile, mtu aliyecheza mpira wa Kigaeli, ule wetu wa Kiairishi, katika parokia hakuruhusiwa kugusa mpira wa Waingereza. Kuucheza, marufuku. Hata kwenda kuutazama, marufuku. Aliyekamatwa alifukuzwa klabuni, na katika parokia kama yetu kufukuzwa klabuni ni sawa na kunyimwa kiti kanisani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nachezea vijana wa Drumcorrow, na Jumapili nyingine napanda baiskeli kwenda Sligo kucheza ule mwingine kwa jina la bandia, Brown. Nusu ya timu ile walikuwa akina Brown na akina Smith. Wakaguzi wa mpira wa Kigaeli walikuja na kofia zimeshushwa machoni, wakanunua tiketi kama watu wengine, wakatuandika.

Malachy alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na ndiye katibu wa klabu. Kamati ilimwita ikamuuliza mbele ya wote: Brown wa Sligo ni mdogo wako? Angeweza kusema hajui. Wengine walisema hivyo juu ya ndugu zao na mbingu haikuanguka. Yeye akasema ndiye. Alirudi nyumbani mama akiwa anatoa nyama na kabichi chunguni, akavua kofia, akanitazama.

"Nimewaambia," akasema.

"Umewaambia nini?"

"Ukweli. Mimi ni katibu, Cornelius. Ulitaka niseme nini?"

"Nilitaka useme mimi ni mdogo wako."

"Ndicho nilichosema," akajibu. "Ndicho hicho hicho nilichosema."

Mama akatuambia tule kabla chakula hakijapoa. Hatukula. Wiki ile ile nikapanda meli kwenda Uingereza.

Hayo mnayajua, na wewe Fintan umeyashika kama rozari. Sasa sikilizeni msilolijua, maana hata Attracta sikumwambia.

Mwaka wa sitini na sita nilikuwa Rochdale. Ilikuwa Oktoba, Jumamosi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tuko sare, muda unakwisha, krosi ikatoka kulia, kipa akateleza akalala chini, goli zima likabaki wazi mbele yangu kama mlango wa banda. Nikaupiga kwa kushoto, ukapaa juu ya mwamba. Nikaweka mikono kichwani, nikawa nimewaelekea watazamaji waliosimama nyuma ya goli, na pale katikati ya wale Waingereza wanaonitukana, nikaliona koti la baba yetu. Lile jeusi, lenye kifungo kimoja cha kahawia ambacho mama alikishona kwa sababu hakupata kinachofanana. Ndani ya koti alikuwemo Malachy.

Tulitazamana. Midomo yake ilicheza, alisema neno sikulisikia, kisha akaishusha kofia machoni kama wakaguzi wale wa Sligo. Mchezo ulipokwisha nilitoka mbio na viatu vya kuchezea miguuni, nikasimama kwenye mlango wa uwanja mpaka watu wakaisha. Alikuwa ameshaenda kuwahi meli.

Krismasi nilipokuja nyumbani mama alinung'unika: "Sijui kaka yako ana nini siku hizi. Kaenda mnada wa Ballinasloe kununua farasi, karudi siku ya tatu hana farasi, ana mafua."

Malachy alikuwa mezani. Alimega mkate akapaka siagi. Mimi nikasema bei za farasi zilikuwa mbaya mwaka ule. Basi.

Mnaelewa? Alikuwa ameshakuwa mwenyekiti wa klabu. Neno moja kutoka kwangu, pale baa ya akina Gilhooly, lingetosha. Wangemfukuza kwa sheria ile ile aliyonifukuzia, na yeye maisha yake yote yalikuwa ndani ya klabu ile: hakuoa, hakusafiri zaidi ya safari ile, hakuwa na kingine. Alijua nimemwona. Aliishi miaka akisubiri nilitamke, na mimi sikulitamka. Hata baada ya marufuku kufutwa sikulitamka, maana nani angetaka kucheka jambo hilo? Mwisho wa yote, kukaa kimya ndicho kitu pekee nilichowahi kumpa.

Niliporudi hapa, goti limekwisha, yeye tayari alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya barabara. Watu walidhani hatusemezani kwa chuki. Wanangu, hatukujua tuanzie wapi. Kila neno la kwanza lingetupeleka Rochdale. Ndipo tukaanza kutumia mbwa.

Mlicheka sana utotoni. Alikuwa akija mpaka uani, anamtazama mbwa wake kwa makini: "Shep, mwambie Bwana Brown ng'ombe wake wako kwenye shayiri yangu." Na mimi: "Shep, mwambie katibu, lango lile aliliacha wazi mwenyewe." "Shep, mwambie mchezaji wa dunia nzima kwamba kufunga lango hakujui, wala kufunga goli." Tumekata nyasi pamoja hivyo, tumezalisha ng'ombe tukiwa tumelala kifudifudi kwenye majani makavu, mabega yamegusana, tukimweleza mbwa avute kwa nguvu. Shep huyu wa sasa ni wa nne.

Fintan, tulipomzika mama yako ulimwona Malachy amesimama nje ya ukuta wa makaburi. Hakuingia kwenye mstari kutupa mkono wa pole. Ukaapa mbele ya watu, nilikusikia: "Mzee huyu hataligusa jeneza la baba yangu." Kiapo hicho ndicho kilichonifanya nikuite kutoka kwako Ghent. Ulimwona amesimama nje, lakini hukuuliza kaburi lilichimbwa na nani. Majirani walikuja na majembe alfajiri wakamkuta yeye ameshachimba mpaka kiunoni. Alisimama nje ya ukuta kwa sababu alikuwa na udongo wa mama yako mpaka kwenye nyusi, na aliona haya.

Nipe maji, Nuala. Kidogo. Asante.

Juzi alikuja hapa. Mlikuwa mmekwenda kanisani. Alisimama pale mlangoni na mbwa, akaangalia kitanda, akaangalia mbwa. Nikadhani atasema juu ya nyasi. Akasema: "Shep, mwambie ule mpira angeupiga kwa kulia. Kipa alikuwa amelala. Kwa kulia hata mama angefunga."

Miaka hamsini na saba, wanangu. Ndilo neno ambalo midomo yake ililisema kwenye mvua.

Nikamwambia Shep: "Mwambie mguu wa kulia ulikuwa umezama kwenye tope."

Akafikiri. "Mwambie kweli kulikuwa na tope," akasema, akaondoka. Nililala vizuri usiku ule.

Basi nisikilizeni, sasa naanza kuishiwa. Watu wa klabu watakuja na bendera yao. Waacheni. Watataka kujipanga barabarani, wajipange. Lakini kutoka mlango huu mpaka barabarani, mbele upande wa kulia ni Malachy. Ana miaka themanini na mitano, najua. Ni hatua chache na bega lake bado ni la mtu wa shamba. Na mbele upande wa kushoto ni wewe, Fintan. Unajua jinsi tunavyobeba hapa. Jeneza juu, na kila mmoja anampitishia mwenzake mkono mgongoni na kumshika bega, la sivyo linaanguka. Utamshika. Naye atakushika. Sikuombi umpende... shika tu vizuri, usimwachie uzito wote. Mkifika barabarani, vijana wapokee.

Nuala, bawaba ya mlango inalia. Itiwe mafuta kabla ya... kabla watu hawajaja.

Mungu awatunze, wanangu. Awape pa kukaa, msihamehame kama mimi. Mkigombana, mgombane mezani, mle. Baraka yangu iwe juu ya kichwa chako Nuala, na juu ya kichwa chako Fintan, kiiname kidogo, mkono haufiki... hapo. Na juu ya wana wenu.

Nasikia viatu uani. Ni yeye, anakung'uta tope. Fintan, nenda wewe, usimtume dada yako. Mfungulie. Mwambie aingie, akae kwenye kiti chako.

Mbwa abaki nje.