Bega Lililokataa Jeneza

Tramu ya Iskandaria ilipoondoka kituo cha Ramli, Nagat alipakata kikapu chake cha biringani akatega sikio. Wanaume wawili waliokaa mbele yake walikuwa wapana hata kiti kililia, nao hawakujuana ila kwa vifua.

"Sindano za kukuza misuli zikishaingia, ami, mwili hauchoki," alijitapa kijana, mkoba wa mazoezi magotini. "Kifua asubuhi, kifua jioni. Wa kupumzika ni hao wasiojidunga."

Mtu mzima akacheka bila furaha. "Nami nilisema hivyohivyo, mwanangu. Nyama ilipona upesi, kweli. Kano zinazoishika mfupani hazikupona. Nazo hazikuonyi, hukuacha ujitape kwanza. Yangu ilikatikia hapa."

Akaligusa bega lake, nene kama nundu ya ngamia. Nagat alidhani bega lile lingeweza kuibeba tramu.

"Ulikosea uzito tu, bwana wee!"

"Nilikosa kuzipa kano siku za kupona. Baba alipofariki, watu walinipisha kwenye jeneza. Mwana mkubwa, tena na mwili wote huu! Nikaliinua, mkono ukakataa. Baba akainama mbele za watu."

Kijana akalitazama lile bega. "Nani akalipokea?"

"Shemeji yangu, yule mwembamba niliyekuwa nikimwita Kijiti cha Meno."

Kijana akanung'unika kwamba kocha wake anajua vipimo vya sindano. Tramu ikasimama Sidi Gaber. Kijana akautia mkoba begani, akasita, akauhamishia bega la pili, kisha akashuka kuelekea kwenye vyuma vyake.