Kahongya Phinées, mutu aliyeomba upepo upite

Huyu tunayemuzika leo alizaliwa Kayna, tarehe 9 Machi 1949, nyuma ya kaka yake Manassé na dada yake Hulda. Alisoma primaire kulekule, kisha mécanique mu Butembo. Aliacha mwaka wa tatu, ju baba alikufa na Manassé akasema masomo inatosha. Masomo ya batoto ba Manassé mwenyewe haikutosha.

Alitengeneza malori Butembo na Kasindi. Mu 1976 alioa Hadassa, wa Mutwanga. Siku ya kupeleka mahari, alisimama njiani kuangalia namna nyasi inainama ku kilima. Hadassa akacheka: "Bamwite, mbuzi zimefika bila yeye."

Vita ilipokuja, mafuta ya groupe, mashine ya umeme, ilikosa, na ku maternité yetu ya Kayna bamama bakazalia mu giza. Mu 1998 Phinées akajenga éolienne, mashine ya kutoa umeme mu upepo: mapanga ya mbao, alternateur ya lori, mukia ya bati ya kuigeuza uso ku upepo, batri chini. Ilizunguka kwa uvivu. Mbele yake kulisimama mikaratusi ya Manassé, na upepo ukipita mu miti unafika umevunjika-vunjika, bila nguvu.

Phinées akamwambia kaka yake: "Yaya, nikatie mistari mbili ya miti tu."

"Mudogo wangu, miti ni urithi. Upepo ni ya nani?"

"Na batoto banaozaliwa ni ya nani?"

Manassé akaitisha chai. Kila siku ya Mungu huyo bwana anaimba mu chorale.

Basi Phinées akaunganisha mulingoti juu ya mulingoti, ipite miti. Mwezi wa kumi 1999 alipanda kufungua mukia iliyokwama, akaanguka, mugongo ukavunjika. Hakusimama tena.

Mu 2001 basoda bakapiga kambi, bakakata mikaratusi yote bapikie maharagi. Manassé alilia kuliko siku baba alizikwa. Jioni ile éolienne ikashika mbio. Phinées akaisikia mu kitanda, akasema: "Kumbe ilikuwa nzuri tu." Taa ikawaka ku maternité, na Manassé akaleta bageni bake: "Hii tulitengeneza sisi."

Vidonda vya kitanda vilimumaliza tarehe 21 Julai 2002. Ameacha bibi yake Hadassa, batoto Jemima na Précieux, dada yake Hulda, na kaka. Sanduku ni ya mukaratusi. Manassé alikuwa ameficha mbao ya miti ile chini ya kitanda yake mwenyewe. Njo muti ya kwanza kumutolea mudogo wake.

Phinées alale kwa amani. Na mutu asipande muti ku kaburi yake.