Ukurasa wa Kwanza na wa Mwisho

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha kutolea kopi, ng'ambo ya lango la chuo cha sheria. Mwenye kibanda aliacha shule mapema, lakini usithubutu kumkumbusha: wanamwita Profesa, naye huitika kabla hujamaliza kuita. Asubuhi hiyo matokeo ya mtihani wa marudio wa mwaka wa kwanza yalikuwa yamebandikwa, na vijana walipita wakitazama chini. Pale kijiweni, vikombe vya kahawa mkononi, mada ikawa moja: kwa nini wanafeli?

— Nywele hizo, akasema Kinyozi. Kichwa hakipati hewa, kesi zinaozea humo humo.

— Wee! Tatizo ni kukaa, akadakia Fundi Viatu. Jaji akiingia si watu wote husimama? Basi sheria isomwe wima!

— Wima mpaka lini?

— Mpaka ikuingie miguuni.

Profesa akacheka hadi kahawa ikammwagikia.

— Nyie mmekosa elimu. Wanafeli kwa kusoma mno! Hukumu ya kurasa arobaini, ya nini? Mimi nawatolea ukurasa wa kwanza na wa mwisho: nani kamshtaki nani, nani kashinda. Huko katikati jaji anajisemea tu. Mwaka huu nimesaidia darasa zima.

— Zima?

— Zima, bwana! Walitakiwa wanivishe joho.

Hapo akafika binti wa mwaka wa kwanza, mteja wake wa kila wiki, akiburuta sanduku la nguo. Akawaamkia wote, akamgeukia Profesa.

— Kaka, nimekuja kukuaga. Sikupita. Wameniondoa chuoni.

— Pole sana, mdogo wangu. Kesi nilizokutolea ulizisoma?

— Zote, nikazikariri. Ila nikuulize. Yule mjane aliyewashtaki shemeji zake kwa ajili ya nyumba, alishinda kwa nini?

Mjane Profesa alimjua, shemeji aliwajua, hata namba ya nyumba alikuwa nayo kichwani. Akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama kikombe.

— Ndilo walilotuuliza kwenye mtihani, binti akasema, bila hasira. Nikaandika kwamba alishinda. Nikaandika mara tatu.

Profesa akakurupuka, akaiwasha mashine.

— Ngoja, nakutolea zote arobaini!

— Za nini tena, kaka?

Magurudumu ya sanduku yakasikika mpaka kona ya barabara. Mashine iliendelea kutema karatasi, moja moja, bado za moto. Profesa akaokota ukurasa wa pili, akaweka kidole chini ya mstari, akaanza kusoma.