Minyaa ya Wapagazi

Saida hakupenda kusikiliza mambo ya watu, ila Rozalia, mama wa kiti cha mbele yake, alikuwa na sauti ya kuitia watoto kutoka bondeni. Tangu Makambako basi zima lilishamjua jina. Sasa alikuwa anasoma kibao kipya alichopakata Isihaka, kijana wa idara ya mambo ya kale aliyekaa kando ya mama huyo: "Hospitali ya Jeshi, Vita vya Mjerumani, na uzio wake wa minyaa."

"Uzio gani una mapengo ya kupita ng'ombe, mwanangu? Kila mnyaa ni kaburi la mpagazi. Bibi alimpandia babu kwa mkono wake."

"Mama, daftari la hospitali halina mpagazi hata mmoja aliyelazwa."

"Walilazwa nje, na nje hakukuwa na karani. Babu ni wa nne kutoka mlangoni."

Isihaka akakuna shingo. "Kibao kiliandikwa kabla. Minyaa tuliing'oa juzi. Tunaweka seng'enge."

Saida, bingwa wa kutuliza ugomvi wa majirani, aligeukia dirisha.

Basi likasimama Uyole. Isihaka akainuka na kibao chake, lakini ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa Rozalia, na Rozalia alikuwa anashukia Ilomba, mbele zaidi.