Profesa wa Udongo na Mdogo Wake Asiyegonga Meza

Wasikilizaji wapendwa, leo tumkumbuke Profesa Ottmar Riedlinger, mkemia wa udongo wa mfinyanzi. Tumemzika Alhamisi hapa Landshut. Udongo umemchukua mtu wake.

Huku kwetu Bavaria, mhadhara wa chuoni ukiisha hatupigi makofi. Tunagonga meza kwa vifundo vya vidole. Lishikeni hilo.

Ottmar alikuwa na mdogo wake, Volkmar, mkemia wa maabara ile ile. Ottmar alipopata udaktari, wenzake walimtengenezea kofia ya mzaha, kama ilivyo desturi. Kazi akapewa Volkmar. Akaibandika udongo mbichi, ukamchuruzikia kaka mtu hadi kwenye kola. Ottmar aliivaa kutwa. "Nzito hii, bwana mdogo. Umetia udongo au wivu?"

"Vyote viwili," akajibu Volkmar. Wakacheka. Mmoja wao alikuwa anatania.

Kikatangazwa kiti cha uprofesa. Wakaomba wote wawili, akakipata Ottmar. Tangu hapo Volkmar hakukosa mhadhara wa kaka yake hata mmoja. Anaketi nyuma, mikono kwapani. Ukumbi mzima unagonga. Volkmar hagongi.

Ottmar aliwafundisha vijana kwamba chembe za udongo majini husukumana kwa kuwa chaji yao ya umeme ni ya aina moja. "Kama ndugu wa kazi moja," alisema, akitazama viti vya nyuma. "Tia chumvi kidogo, zitashikana." Ukumbi ukacheka, ukagonga. Volkmar akajikuna shingo.

Mjane wa Ottmar, Bi Roswitha, anasema: "Jumapili Volkmar anakula madonge yangu ya viazi, ananisifu mimi tu. Na mume wangu, mwenye sifa za dunia nzima, alikuwa akirudi haulizi chakula. Ananiambia, 'Leo tena hakugonga.'"

Hata kwenye mhadhara wa kuaga, Ottmar alipostaafu, Volkmar hakugonga.

Alhamisi, kabla jeneza halijashushwa, Volkmar alisogea na mkongojo wake. Padri akampisha. Mzee akainama, akagonga mbao kwa vifundo. Akagonga, akagonga, hadi vidole vikachubuka. Bi Roswitha akamshika mkono.

"Basi, shemeji. Hasikii."

"Najua," akasema. "Angesikia, nisingeweza."

Bi Roswitha, Mzee Volkmar, poleni sana. Nasi tuliobaki, wivu nani hana? Hata mimi ninao wa kugawa. Lakini meza hiyo hapo mbele yako, na mwenzio bado ana masikio.