Nubia Rentería na Ukurasa wa Miadi ya Kliniki za Mtoni

Ndugu, jamaa na majirani wa Istmina, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu.

Marehemu Nubia Estela Rentería Asprilla alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Istmina, na mama yake mzazi alipofariki akalelewa na mama yake mdogo, Doña Eufemia, aliyeketi hapa mbele. Alisoma hapa, kisha Quibdó, na mwaka 2003 alihitimu uhandisi wa kompyuta Medellín, ambako alikutana na Hárold Ibargüen, wakafunga ndoa tarehe 9 Desemba 2006, wakajaliwa Yesenia na Emiro.

Mwaka 2014 kampuni aliyoifanyia kazi Medellín ilikuwa ikitengeneza tovuti ya kuwekea miadi ya kliniki za huku kwetu mtoni, naye alipokuja likizo akampa Doña Eufemia aijaribu kwenye simu yake kuukuu, picha zikachelewa kufunguka, maandishi yakaruka, na kidole kilichotaka kuthibitisha miadi kikaifuta. Mama mdogo akasema, "Mwanangu, mimi mjinga, haya ni mambo ya wasomi," naye akamjibu, "Hapana, mama, tuliokosea ni sisi."

Aliporudi Medellín akakataa kuipitisha kazi ile, na mkuu wake alipomwambia kwamba kwake inafunguka vizuri tu, akajibu, "Kwako ndiyo, bosi, lakini wewe hupandi boti nusu siku kwenda kumwona daktari." Wakamwondoa kwenye kazi hiyo, tovuti ikazinduliwa, wajawazito wakasafiri na kukuta majina yao hayapo. Ndipo wakamwita tena, naye hakumsimanga mtu, alilia kwanza, kisha akaondoa mapambo, akapunguza uzito wa picha, akatuliza vitufe visiruke chini ya kidole, akahakikisha mtandao ukikatika ulichoandika hakipotei, na asiyeona anasomewa kila neno, na yote akayajaribu kwenye simu zenu ninyi majirani.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akapambana nayo hadi tarehe 2 Juni 2023, alipofariki hospitalini Medellín, Hárold akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake waliomchangia damu, nanyi majirani mliomwimbia alabao, nyimbo zetu za maombolezo, tangu mwili ulipofika.

Asubuhi hii, mahali fulani mtoni, kuna mama amefungua ukurasa ule, amepata miadi yake, ameirudisha simu mfukoni, wala hajui kwamba tunazika. Lala, Nubia, kazi uliifanya. Pumzika kwa amani.