Mwalimu Kwamba na Sanduku Ambalo Halijarudi Stoo

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mwalimu wa Kiingereza ambaye shule nzima humwita Mwalimu Kwamba anastaafu, baada ya kufundisha hapa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu wake. Walimu sita waliombwa kabla yangu wakakataa, kwa hofu kwamba angeusahihisha. Mimi siogopi. Kalamu zote nyekundu za shule hii zinatoka kwangu, na wiki hii hajapewa hata moja.

Alifika akiwa kijana mwembamba, suruali inampwaya, mkononi kashika sanduku la viatu. Ndani yake hamkuwa na viatu bali kadi mia mbili, kila moja ina neno la Kiingereza la kitu kisichoshikika: fact, idea, reason, hope, problem, fear. Mwanafunzi alichomoa kadi, akasimama, akalimalizia lile neno kwa sentensi nzima. Aliyechomoa problem alipaswa kusema the problem is that, kisha alitaje tatizo lenyewe. Aliyechomoa hope aliweza kuanza na the hope that, mradi tumaini lenyewe lifuate. Mwalimu aliwaeleza kwamba maneno ya namna hiyo ni bahasha, na yanayokuja baada ya that, yaani kwamba, ndiyo barua. Kumpa mtu bahasha tupu, alisema, ni kumsumbua bure. Na aliyethubutu kuandika the reason is because badala ya the reason is that aliitwa pembeni kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa.

Wanafunzi walimwelewa haraka, na ndio waliomtungia jina. Shida ni kwamba hakuishia darasani. Ndani ya muhula mmoja alikuwa ameiambukiza ofisi ya walimu, kwa Kiswahili. Ukisema una wasiwasi, anauliza wasiwasi ni kwamba nini. Ukisema una wazo, anaweka kikombe chini anasubiri. Mwalimu wa hesabu aliwahi kuingia akasema ana furaha tu, basi, akakaa robo saa akitafuta furaha hiyo ni kwamba nini. Alipoikosa akaondoka amenuna.

Mimi nilimjua vizuri zaidi kwa sababu ya rula. Stoo ina sheria moja, na niliikuta nilipoajiriwa: ambaye hajarudisha kifaa cha shule huja dirishani kwangu kila Jumatatu saa nne asubuhi kueleza, mpaka kifaa kirudi. Mwaka wake wa pili alipoteza rula ya mbao ya mita moja. Wengine wakipoteza kitu hujikuna kichwa. Yeye alikuja na maelezo ya maandishi, ukurasa mzima, Jumatatu kumi na moja mfululizo. Aliandika: ukweli ni kwamba rula sijaiona. Dhana yangu ni kwamba imo humu humu shuleni. Faraja yangu ni kwamba rula haina miguu.

Juma la kumi na mbili niliikuta rula ile nyuma ya kabati la stoo, nilikoiweka mwenyewe. Sikumwambia. Nilimwacha aje Jumatatu nyingine tatu, maana nilikuwa nimeshazoea kumsoma. Hili nalitoa leo kwa mara ya kwanza, na namwomba radhi mbele ya wageni waalikwa.

Kuna pia siku ya moto. Mlinzi wetu, mtu mwenye adabu zake, aliingia ofisini mbio akisema kuna hatari. Mwalimu Kwamba alikuwa anasahihisha. Bila kuinua kichwa akauliza, "Hatari ni kwamba nini?" Mlinzi akasimama wima, akavuta pumzi, akatengeneza kola. Akaanza, akakosea, akaanza upya. Sisi wengine tulimsubiri, wawili wakitikisa kichwa kumtia moyo. Hatimaye akaipata: hatari ni kwamba jikoni kunawaka moto. Tukampigia makofi, ndipo tukakurupuka. Moto ulizimwa kwa ndoo tano, lakini mapazia mawili na koti la mpishi vilikuwa vimekwenda. Mpishi hakumsemesha Mwalimu muhula mzima, na chai yake ilikuwa ikifika imepoa.

Nisije nikaonekana namsema tu, nitaje na mema yake. Kabla hajaja, vikao vya walimu vilichukua saa tatu. Mkuu wa shule wa wakati huo alikuwa fundi wa kusema kuna changamoto, kuna mikakati, kuna mwelekeo, na watu wanaandika. Siku Mwalimu Kwamba aliponyoosha mkono akauliza kwa heshima zote changamoto ni kwamba nini, watu waliinua kalamu waandike jibu. Mkuu alitazama makaratasi yake, akageuza moja, akageuza la pili, akasema basi, tufunge. Tangu siku hiyo vikao ni dakika arobaini, na katika historia ya shule hii sijui mafanikio makubwa kuliko hayo.

Hata nyumbani kwake ni hivyo hivyo. Shemeji yetu, yaani mke wake, fundi cherehani, alituhadithia kwamba barua ya posa ilisomeka: tumaini langu ni kwamba binti yako atanikubali, na wasiwasi wangu ni kwamba wewe mzee hutanikubali. Baba mkwe alijibu kwa mstari mmoja, kwamba jibu ni kwamba amekubali, na ombi lake ni kwamba asiandikiwe tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Anayestaafu hujaza fomu ya stoo: funguo, vitabu, vifaa, na chini kabisa nafasi ya maoni. Jumanne Mwalimu Kwamba alileta vyake vyote, vimefutwa vumbi, isipokuwa sanduku la kadi. Sanduku lile alikuja nalo yeye, lakini kadi zilipochakaa shule ilimpa mpya, kwa hiyo limo kwenye orodha yangu. Alisema atalileta Ijumaa. Nikasoma chini. Kwenye maoni alikuwa ameandika, "Hofu yangu ni kwamba", na baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Miaka thelathini na minne sijawahi kumwona akiacha bahasha tupu. Nilirudia kusoma nikidhani wino umekwisha. Kisha nikamrudishia fomu dirishani, nikamwambia, "Mwalimu, hii siipokei. Haijakamilika."

Hakubisha. Aliingia stoo, akakaa juu ya boksi la karatasi, akaiweka fomu magotini. Alijaribu kuandika, akashindwa, mwisho akaisema kwa mdomo huku akiitazama kalamu. Hofu yake ni kwamba Jumatatu ikifika hakuna mtu atakayemuuliza chochote. Shemeji atakuwa kwenye cherehani yake, watoto wako makwao, naye atakuwa na majibu ya kutosha na hana wa kumuuliza. Nilisikia uchungu. Nilimtilia chai tukanywa.

Alipoondoka nilikwenda kwa mpishi, kwa mlinzi na kwa mwalimu wa hesabu, nikawaeleza. Tuliamua pamoja, na mkuu wa shule wa sasa ametia sahihi. Kwenye fomu nimeandika hivi: vifaa vyote vimepokelewa, pungufu ni sanduku moja la kadi, na sababu ni kwamba mtunza stoo amekataa kulipokea. Kwa sheria ya stoo, fomu hii haiwezi kufungwa.

Mwalimu, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa miaka uliyotupa na kwa vikao vifupi. Tunakutakia maisha mema, na kwa kuwa tunajua utauliza mema ni kwamba nini, bahasha hatukupi tupu. Ni kwamba Jumatatu saa nne asubuhi dirisha la stoo litakuwa wazi na kiti kipo. Mpishi ameapa kwamba chai itafika ya moto. Nami nitakuuliza sanduku liko wapi. Uje na maelezo, ukurasa mzima, Jumatatu hiyo na zote zinazofuata.

Na ole wako ulirudishe.